Taa za breki zikigoma, usikimbilie kununua balbu

Na Mwandishi Wetu

DEREVA anayekufuata katikati ya vumbi la barabara ya Palma kwenda Mocímboa da Praia hakuoni wewe, wala haoni mzigo uliopakia. Anachoweza kukiona ni taa mbili nyekundu nyuma ya gari lako, tena pale tu unapokanyaga breki. Taa hizo zisipowaka, atajua kuwa umesimama akiwa ameshakukaribia mno.

Kwa wafanyabiashara wanaovuka mto Ruvuma kati ya Kilambo na Namoto, na kwa familia zilizorejea kaskazini mwa Cabo Delgado baada ya kukimbia vita, jambo hili si dogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hutembea karibu mita 17 kila sekunde moja. Anayekufuata akichelewa sekunde mbili kutambua kuwa umepunguza mwendo, atakuwa amekula zaidi ya mita 30. Kwenye barabara ya mchanga, nyuma ya pikapu yenye abiria waliokaa juu ya magunia, mita hizo ndizo zinazoamua nani anafika nyumbani.

Pamoja na hatari hiyo, taa za breki ni kati ya vitu vinavyotengenezwa kwa kubahatisha. Mwenye gari akiambiwa na askari kizuizini kuwa taa haiwaki, hukimbilia dukani kununua balbu. Balbu mpya ikigoma nayo, hununua taa nzima. Taa nzima ikigoma, hukata tamaa na kuanza safari hivyo hivyo. Fedha zimekwenda na tatizo limebaki palepale, kwa sababu mara nyingi halikuwa kwenye balbu tangu mwanzo.

Magari yaliyolala, magari ya kuunga

Ili kuelewa kwa nini tatizo hili limeota mizizi katika ukanda huu, hatuna budi kukumbuka magari hayo yalikopita. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017, na Machi 24, 2021 yakafika mji wa Palma. Watu walikimbilia Pemba, Mueda, Nangade na kwingineko, wengine kwa miguu na wengine kwa majahazi. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa mji wa Mocímboa da Praia, na tangu mwaka 2022 wakazi wamekuwa wakirejea kwa makundi, ingawa wapo waliolazimika kukimbia tena.

Anayekimbia kuokoa roho hachukui gari bovu. Yapo magari yaliyoachwa chini ya miembe na kwenye nyua kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, yakipigwa na mvua za masika na upepo wa bahari. Mengine yalinyofolewa taa, betri na nyaya. Mwenye gari aliporudi alikuta chesisi na injini, akaanza kuunga: bodi ya mbao kutoka kwa seremala, taa za nyuma za gari la aina nyingine kutoka Mtwara, nyaya za rangi yoyote iliyopatikana.

Gari la namna hiyo lina ndugu zake Ulaya. Huko wapo watu wanaonunua gari likiwa vipande vipande na kuliunga wenyewe nyumbani. Moja ya magari yaliyovuma kwa mtindo huo ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957. Aliyelinunua likiwa vipande alikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Wao waliunga kwa kukwepa kodi na kwa kupenda, sisi tunaunga kwa shida, lakini ugonjwa wa umeme ni mmoja. Mengi ya magari hayo ya Ulaya yana bodi ya plastiki ngumu isiyopitisha umeme, kama mbao za pikapu zetu zisivyopitisha. Hapo ndipo chanzo cha matatizo mengi ya taa za nyuma.

Umeme lazima urudi

Msomaji asiyekuwa fundi asiogope, kwani njia ya taa za breki ni fupi na inaeleweka. Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, huenda kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki, kisha husafiri kwa waya mrefu hadi nyuma na kuingia kwenye balbu. Kwenye magari mengi swichi hiyo ina kijipini kinachobanwa na pedali ikiwa juu. Ukikanyaga, kijipini huachiwa, na umeme hupata kupita.

Safari haiishii kwenye balbu. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima urudi kwenye betri, la sivyo taa haiwaki hata kama kila kitu kingine ni kizima. Katika gari lenye bodi ya chuma, njia ya kurudia ni bodi yenyewe na chesisi. Taa imefungwa kwa skrubu kwenye chuma, chuma kimeshikana na chesisi, na chesisi imeungwa kwa waya mnene kwenye upande wa hasi wa betri. Mafundi huita njia hiyo ethi.

Sasa chukua taa hiyohiyo, ifunge kwenye ubao. Njia ya kurudi imekatika. Fundi aliyeunga gari pengine aliweka kipande cha waya kutoka kwenye taa hadi kwenye boliti iliyo karibu, na siku ile taa ikawaka. Lakini boliti ile ina rangi au kutu, na ukanda wetu ni wa pwani. Chumvi ya bahari na unyevu hugeuza shaba kuwa ya kijani na chuma kuwa unga mwekundu. Baada ya miezi michache njia inaziba polepole. Taa inafifia, inawaka siku moja na kugoma siku ya pili, na hatimaye inazima kabisa huku balbu ikiwa nzima.

Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba kununua taa, uliza kwanza swali hili: umeme unarudi kwa njia ipi?

Vifaa vya kupimia

Huhitaji mashine. Chukua balbu ndogo ya gari ya volti 12, holda yake, na nyaya mbili ndefu zenye ncha zilizomenywa. Hicho ndicho kipimo chako. Ukigusisha waya mmoja kwenye chuma safi cha chesisi na mwingine kwenye sehemu unayoishuku, balbu ikiwaka ujue umeme umefika hapo. Ongeza kipande kirefu cha waya cha kutosha kutoka mbele hadi nyuma ya gari, kipande cha msasa, bisibisi na koleo.

Fungua swichi ya gari kwa ufunguo, kwa sababu kwenye baadhi ya magari taa za breki haziwaki ufunguo ukiwa umezimwa. Mwombe mtu akanyage pedali, au ubane kijiti kati ya kiti na pedali. Kisha nenda nyuma uangalie. Taa zikoje?

Zikiwa zimekufa zote mbili

Balbu mbili kuungua siku moja si jambo la kawaida. Zikizima zote, mkosaji huwa ni kitu zinachoshirikiana, yaani fyuzi, swichi, waya mkuu au ethi.

Anza na fyuzi. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ileile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Balbu mbili za breki za wati 21 kila moja huhitaji ampea tatu na nusu tu, na kazi ya fyuzi ni kukatika kabla nyaya hazijashika moto. Gari lililopakia madumu ya petroli au marobota ya mitumba halifai kuwa na njia ya umeme isiyo na mlinzi.

Fyuzi ikiwa nzima, inama chini ya usukani. Kama swichi ya pedali ina nyaya mbili, chomoa plagi yake na uunganishe nyaya hizo kwa kipande kifupi cha waya. Taa za nyuma zikiwaka, swichi imekufa, au imelegea na kijipini chake hakitoki vya kutosha. Jaribu kuirekebisha kwa nati zake kabla ya kununua nyingine. Zisipowaka, tumia balbu yako ya kupimia kuona kama umeme unafika kwenye mmoja wa nyaya hizo. Ukifika, tatizo liko nyuma. Usipofika, liko kati ya hapo na fyuzi.

Yapo pia magari ya zamani ambayo swichi yake haiko kwenye pedali bali kwenye bomba la maji ya breki, ikiwashwa na msukumo wa maji hayo. Swichi hiyo ikiwa inavuja, usiendelee na safari. Hapo huna tatizo la taa, una tatizo la breki zenyewe.

Ikizima moja

Badilishana balbu. Ile ya kulia ihamishie kushoto na ya kushoto kulia. Ugonjwa ukihama pamoja na balbu, balbu ndiyo mbovu na sasa una haki ya kwenda dukani. Ugonjwa ukibaki palepale, balbu haina kosa.

Angalia ndani ya holda. Ukiona kijani au weusi, kwangua kwa msasa hadi shaba ing'ae, na uinue kidogo vidude vinavyogusa kitako cha balbu kama vimelala. Kisha pima ethi kwa njia hii rahisi: chukua ule waya mrefu, ncha moja ishike kwenye hasi ya betri, ncha ya pili igusishe kwenye chuma cha holda ya balbu huku breki ikiwa imekanyagwa. Taa ikiwaka ghafla kwa nguvu, umempata mwizi, maana njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa imekatika.

Zikiwaka kwa namna ya ajabu

Wapo madereva wanaoona kitu cha kushangaza: wakikanyaga breki, indiketa nayo inawaka kwa mbali, au taa ndogo za usiku zinazima pale breki inapokanyagwa. Wengine husema gari lina mashetani. Hakuna shetani hapo. Umeme uliokosa njia yake ya kurudi umepita kwa jirani, ukapitia balbu nyingine kutafuta chesisi. Dalili hiyo ni ya ethi mbovu, na tiba yake ni ethi mpya.

Sababu ya pili ni balbu iliyoingizwa kwa nguvu. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani, moja ya wati 5 kwa taa ya usiku na nyingine ya wati 21 kwa breki. Vijipini vya pembeni mwa kitako chake havilingani kimo, ili balbu iingie kwa upande mmoja tu. Mtu akiigeuza na kuisukuma, taa ya usiku itawaka kwa mwanga mkali wa breki, na ya breki itawaka kwa mwanga hafifu. Anayekufuata anasoma kinyume cha ukweli.

Sababu ya tatu ni volti. Malori mengi hutumia volti 24, magari madogo volti 12. Balbu ya lori ikiwekwa kwenye pikapu itawaka kama kibatari. Balbu ya pikapu ikiwekwa kwenye lori itaungua mara moja. Soma maandishi kwenye kitako kabla ya kulipa.

Zisipozima kabisa

Taa zinazowaka muda wote ni hatari kama zilizokufa, kwani anayekufuata hawezi kujua unasimama lini. Aidha, zinamaliza betri. Taa mbili zinazokula ampea tatu na nusu zitaifanya betri ya kawaida ya ampea 60 iamke asubuhi ikiwa dhaifu au isiyoweza kuwasha injini.

Tazama pedali. Kwenye magari mengi kuna kijipande cha mpira au plastiki ambacho ndicho kinachobonyeza kijipini cha swichi. Miaka ikipita na joto la pwani likifanya kazi yake, kijipande hicho husagika na kudondoka. Ukikuta vipande vyake kwenye zulia la miguuni, sababu umeipata. Boliti fupi na nati yake iliyobana tundu hilo inaweza kukufikisha safari, hadi utakapopata kipande halisi.

Fyuzi inayokatika kila mara

Hii ni shoti. Waya uliomenyeka unagusa chuma mahali fulani, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu la chesisi bila mpira wa kuulinda, au chini ya mbao ambako misumari ya seremala imeutoboa. Kama gari linavuta tela, chomoa plagi ya tela kwanza. Fyuzi isipokatika tena, kosa liko kwenye tela.

Taa inayowaka gari likiwa tupu na kuzima likipakia nayo ina maana yake. Mzigo unakandamiza bodi, bodi inavuta waya, na waya uliokatikia ndani ya ngozi yake unaachana. Vuta kila waya taratibu kwa mkono. Unaonyumbuka kama uzi wa nailoni umekatika ndani.

Kwa wenye pikipiki na bajaji, kumbukeni kuwa mara nyingi kuna swichi mbili, moja kwenye breki ya mkono na nyingine kwenye ya mguu. Taa ikiwaka kwa mkono na kugoma kwa mguu, balbu na ethi ni nzima. Shughulikia swichi ya mguu, hasa kispringi chake ambacho hujaa mchanga.

Kutengeneza kwa kudumu

Ukishajua ethi ndiyo mbovu, usirudie kosa la boliti yenye kutu. Peleka waya kutoka kwenye kila taa ya nyuma moja kwa moja hadi kwenye chesisi, au afadhali zaidi, unganisha ethi za taa zote kwa waya mmoja wa milimita moja na nusu za mraba au zaidi, kisha upeleke waya huo mbele hadi mahali hasi ya betri ilipofungwa. Kwangua rangi na kutu hadi chuma cheupe, kaza kwa boliti na washa, ndipo upake grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Grisi huzuia chumvi na maji.

Kuviringisha nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu hakutoshi kwa pwani. Tepu hulegea kwa joto na maji huingia. Unga kwa risasi ya kuchomea kama fundi redio anavyofanya, au kwa kiungo cha kubana kwa koleo, kisha ndipo tepu. Waya upite juu ya chesisi, ufungwe kila baada ya hatua fupi, na usiruhusiwe kuning'inia.

Maneno ya dukani

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kuwa bei hupanda ukionekana hujui jina la unachotaka. Katika maduka ya Palma, Mocímboa da Praia au Pemba, ambako vipuri huuzwa kwa Kireno, balbu ni lâmpada, fyuzi ni fusível, waya ni fio, swichi ni interruptor na breki ni travão. Ethi wanaiita massa, na neno hilo ndilo muhimu kuliko yote. Ukimwambia fundi wa huko kuwa massa ya nyuma imekatika, ataelewa kuwa huhitaji kuuziwa taa mpya.

Ukinunua Mtwara kabla ya kuvuka, beba balbu mbili za akiba za aina inayotumiwa na gari lako, fyuzi kadhaa na mita chache za waya. Wanaopita Mtambaswala kwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720 na lililofunguliwa Mei 2010, wana sababu kubwa zaidi ya kujiandaa, kwani kutoka Negomano hadi Mueda maduka ya vipuri si ya kutegemea.

Sheria za nchi zote mbili zinataka gari liwe na taa zinazofanya kazi. Msumbiji inaongozwa na kanuni ya barabara iliyopitishwa mwaka 2011. Hata hivyo, askari wa kizuizini ndiye mdogo wa sababu. Katika miaka ya vita magari ya Cabo Delgado yamelazimika mara nyingi kwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa wanajeshi, gari nyuma ya gari, vumbi likifunika kila kitu. Katika msafara kama huo gari moja lisilo na taa za breki ni hatari kwa yote yaliyo nyuma yake.

Ukaguzi wenyewe hauchukui hata dakika moja. Kabla ya kupakia, mmoja akanyage pedali na mwingine asimame nyuma. Mkishapakia, rudieni tena, kwa sababu ni mzigo unaovuta nyaya. Na kama pedali yenyewe inazama hadi chini au inahitaji kupigwa mara mbili ndipo gari lisimame, msiondoke hata kama taa zinawaka vizuri. Pakueni mzigo, mkatafute fundi wa breki.